Dar es Salaam na Hadithi Zake: Ni Nani Aliyeujenga Mji Ule?

Wengi wetu tunaovuka bahari kwenda Dar es Salaam, iwe kwa matibabu, kwa masomo, kwa biashara au kwa safari za kikazi, tunaujua mji ule kwa msongamano wake na kwa bei za vitu vyake kuliko tunavyoujua kwa asili yake. Ukiuliza barazani, hapa Unguja au kule Pemba, mji ule ulitoka wapi, utajibiwa upesi na kwa uhakika mkubwa. Utaambiwa kwamba Dar es Salaam ni mji wetu. Kwamba ulijengwa na Sultani kutoka Unguja, kwa fedha ya Unguja, kisha ukachukuliwa. Vuka bahari ukaulize swali hilo hilo, na jibu litakuwa jengine kabisa. Utaambiwa kwamba pale hapakuwa na kitu ila pori na mitumbwi ya wavuvi, na kwamba mji ulijengwa na Wajerumani, ambao majengo yao yamesimama mpaka leo.

Hadithi hizi mbili zimesemwa kwa miaka mingi hata zimekuwa kama ukweli. Tumezisikia katika mazungumzo ya vijana, na tumezisikia pia katika vinywa vya watu wenye dhamana, pale mjadala wa Muungano unapopamba moto na kila upande ukataka kuuonyesha mwengine nani mdai na nani mdaiwa. Kwa hivyo si hadithi za kupitishia wakati. Mtu anayeamini kwamba amenyang'anywa mji hataongea na ndugu yake kwa lugha ile ile atakayoitumia mtu anayeamini kwamba waliujenga pamoja. Hatuna budi kuzitazama hadithi hizi kwa makini, tukapepeta chuya na mchele.

Tuanze na wenyewe waliokuwepo. Kabla ya Sultani na kabla ya Mjerumani, kaskazini ya mlango wa bandari, katika upande ambao leo iko Hospitali ya Ocean Road, palikuwa na kijiji kiitwacho Mzizima. Wakaazi wake walikuwa Washomvi, watu wa pwani wanaojinasibisha na Barawa, wavuvi na wachuuzi wa chumvi. Nyuma yao, katika vilima vya Kisarawe na Pugu, walikuwepo Wazaramo. Hadithi iliyopokewa na wazee inasema kwamba Washomvi walishambuliwa na Wakamba, wakazidiwa nguvu, wakaenda kuomba msaada kwa kiongozi wa Wazaramo aliyejulikana kwa cheo cha Pazi. Pazi akashuka na watu wake, Wakamba wakatimuliwa, na tangu hapo Washomvi wakawa wanatoa ada kila mwaka kwa Wazaramo: chumvi, samaki na nguo. Yawezekana hadithi hii imetiwa chumvi nyengine njiani, lakini mapatano yenyewe yanaeleweka. Watu wa pwani walikuwa na bahari, watu wa bara walikuwa na mashamba na mishale, na kila mmoja alimhitaji mwenzake. Huo ndio msingi wa kwanza wa mji ule, na wala haukuwekwa na mgeni.

Hata jina la Mzizima limepata hadithi yake. Vitabu vingi vilivyoandikwa na wageni hulifasiri kuwa ni "mji wenye afya". Sisi wenye lugha yetu tunajua kwamba kuzizima ni kupoa, ni kuingiwa na baridi mpaka mwilini, kama maji ya mtungi usiku wa kipupwe. Baridi na afya havilingani, ingawa tunakiri kwamba mtu aliyetoka juani akafika chini ya minazi ya pwani ile huenda aliviona vitu hivyo viwili kuwa ni kimoja.

Sasa tumfikie Seyyid Majid bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1856 mpaka 1870. Huyu hakurithi utawala uliotulia. Mwaka 1859 mdogo wake Barghash alimuasi, na uasi ule ulivunjwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay. Tangu siku hiyo Majid alikuwa mtawala anayedaiwa fadhila. Makonsuli wa Ulaya walikuwa hatua chache kutoka katika baraza yake, kila mmoja na ushauri wake ambao haukuwa ushauri bali amri iliyovishwa kanzu. Si ajabu basi kwamba alianza kutazama ng'ambo ya bahari, mahali ambapo angeweza kupumua, na ambapo misafara ya pembe za ndovu kutoka bara ingeishia mikononi mwake moja kwa moja bila ya kupitia kwa wenyeji wa Bagamoyo, waliokuwa na jeuri yao.

Aliichagua bandari ya Mzizima kwa sababu inayoonekana hata leo na kila abiria wa boti: mlango wake ni mwembamba, una kona, na ndani maji yametulia kama bwawa. Bahari ikichafuka nje, ndani huioni. Lakini mlango huo huo ulikuwa taabu kwa vyombo vya tanga, ambavyo vilihitaji upepo wa kuingilia na upepo mwengine wa kutokea. Majid alikuwa akiona mbele katika jambo hili, kwani bandari ile ilifaa zaidi kwa meli za moshi, na meli hizo ndizo zilizokuwa zikija. Ujenzi ulianza mwaka 1865 au 1866. Zikajengwa nyumba za mawe ukingoni mwa bandari, likajengwa kasri, vikachimbwa visima, ikapandwa minazi. Mwaka 1867 aliwaalika makonsuli wa Ulaya kwenda kula karamu katika mji wake mpya, wale wale, bila shaka, aliokuwa akiwakimbia.

Jina nalo akalitoa yeye. Hapa tunayo hadithi nyengine iliyoenea sana, kwamba jina la asili lilikuwa Bandar es Salaam, yaani bandari ya salama, na kwamba kwa kusemwa ovyo herufi za mwanzo zikaanguka. Wako hata wanaosimulia jahazi lililosukumwa na tufani likaingia pale na kuokoka. Ni hadithi tamu, na Waingereza waliipenda wakaitia katika lugha yao. Lakini kila mtoto aliyekaa chuoni akasoma msahafu wake anajua kwamba Dar es Salaam ni maneno kamili yasiyopungukiwa na kitu. Dari ni nyumba, ni makao. Na Dar es Salaam ni Nyumba ya Salama, jina linalotajwa katika Sura ya An'aam na katika Sura ya Yunus, nalo ni miongoni mwa majina ya Pepo. Majid hakuwa akiwaza tufani alipolichagua. Alikuwa akitafuta Pepo yake hapa duniani, mbali na makonsuli na mbali na madeni. Kwamba jina la Pepo lilipewa mji uliojengwa kwa namna ulivyojengwa, hilo ndilo jambo tunalotaka tulisimamie kidogo.

Kwani nani aliyebeba mawe yale? Nani aliyekata miti, akachoma chokaa, akachimba mashimo ya minazi katika jua la mchana? Sehemu kubwa ya kazi ile ilifanywa na watumwa. Baadhi yao walikuwa watu wa Sultani mwenyewe, na wengine ni mali ya matajiri waliomfuata. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wangindo na watu wa makabila mengine ya bara, waliovushwa na misafara ile ile ambayo mji ulijengwa kuivuta. Katika hadithi ya kisiwani, ile ya "mji wetu", watu hawa hawamo. Katika hadithi ya pili, ile ya Wajerumani, hawamo pia. Sisi tunasema kwamba mtu wa Visiwani anayedai mji ule kwa sababu Sultani aliujenga, kwanza ajiulize babu yake alikuwa upande gani wa fimbo. Wengi wetu hapa, tukisema kweli, ni wajukuu wa wale waliobeba mawe kuliko wa yule aliyetoa amri, na kama tuna haki yoyote ya kujivunia nyumba zile basi ni kwa njia hiyo.

Ndoto ya Majid haikuishi. Mwaka 1870, inasimuliwa, aliteleza akaanguka ndani ya kasri lake la Dar es Salaam, akarejeshwa Unguja, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo akafariki. Barghash akashika nafasi yake, na Barghash hakuwa na haja ya mji wa kaka yake. Yeye alitaka fahari yake ionekane Unguja, na alipojenga jumba lake la Beit al-Ajaib mwaka 1883 alilijenga hapa Forodhani. Dar es Salaam ikaachwa. Kuta zikaota majani, wachuuzi wengi wakahama, na Bagamoyo ikaendelea kuwa mlango mkuu wa misafara. Waingereza, William Mackinnon na wenzake, walianza mwaka 1877 kuchonga barabara kutoka pale kwenda Ziwa Nyasa. Ilipofika mwaka 1881 wakaiacha. Wageni waliopita miaka ile waliandika juu ya magofu. Mji ulikuwa umezeeka kabla ya kuwa kijana.

Ndipo wakaja Wajerumani. Mwaka 1887 Carl Peters, aliyekuwa na mikataba yake ya hila aliyowatilisha machifu alama wasizozielewa, aliweka kituo cha kampuni yake pale. Mwaka uliofuata Seyyid Khalifa aliikodisha kampuni hiyo pwani yote, na pwani ikawaka moto: Abushiri bin Salim huko Pangani, na wengine kila mji. Dar es Salaam yenyewe ilishambuliwa na wapigania uhuru Januari 1889. Serikali ya Ujerumani ikamleta Hermann von Wissmann pamoja na askari wa kukodi, Wasudani aliowatoa Misri na vijana aliowachukua Msumbiji, na kufika Disemba 1889 Abushiri alikuwa amenyongwa. Mwaka 1890 haki za Sultani juu ya mwambao ule zilimalizwa kwa malipo ya marka milioni 4. Tunaiandika tarakimu hii kwa makusudi, kwa faida ya wanaosema kwamba mji ulinyang'anywa. Uliuzwa. Wenye kijiji cha Mzizima hawakuulizwa, Wazaramo hawakuulizwa, na watumwa waliokuwa bado wakipalilia minazi hawakuulizwa. Utumwa, kwa hakika, haukufutwa kisheria katika bara ile mpaka 1922 chini ya Waingereza, miaka 25 baada ya kufutwa hali ya utumwa kisheria hapa Unguja.

Mwaka 1891 makao makuu ya serikali ya kikoloni yakahamishwa kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam. Hatukatai kwamba Wajerumani walijenga: makanisa mawili ya pwani, hospitali ya Ocean Road iliyofunguliwa mwaka 1897, na reli iliyoanza mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Lakini watu wasidanganywe na uzuri wa kuta. Walijenga juu ya mpango wa Majid, katika ufukwe wa Majid, na mikono iliyojenga ilikuwa ya Waafrika wale wale, safari hii wakisukumwa na kodi ya nyumba na na kazi ya lazima. Hata Boma la Kale, ambalo abiria anayeshuka botini hulikuta karibu mno na gati, ni jengo la wakati wa Majid ambalo Wajerumani walilikuta na kulitumia.

Kitu kimoja kwa kweli walikileta wao, na Waingereza wakakikamilisha: kuugawa mji kwa rangi ya ngozi. Daktari Robert Koch, bingwa wa Ulaya aliyefika Dar es Salaam mwaka 1897 kuchunguza malaria, alikuwa mtu wa sayansi. Lakini hofu ya maradhi ikawa kisingizio kizuri cha kumweka Mzungu mbali na Mwafrika. Kufika mwaka 1924 sheria ya Waingereza iliukata mji mafungu matatu: Uzunguni kwenye upepo wa bahari, Uhindini kwenye maduka, na sehemu ya tatu, huko Kariakoo na Ilala, kwa wenyeji. Kati ya sehemu ya pili na ya tatu pakaachwa uwanja mtupu, eti hewa ipite. Uwanja huo ni Mnazi Mmoja. Msomaji wa Unguja hahitaji kuelezwa zaidi. Sisi tuna Mnazi Mmoja wetu, tulikuwa na Ng'ambo yetu, na tunajua nani alicheza gofu na kriketi wapi na nani alitazama kwa mbali.

Jina la Kariakoo lenyewe ni kaburi lisilo na jiwe. Wajerumani walijenga pale banda kubwa la soko, likawa tayari mwaka 1914, vita vikaingia kabla halijatumika. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 waliweka pale kambi ya wapagazi wa jeshi lao, kikosi kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukakisaga mpaka kikawa Kariakoo. Wapagazi wale walitoka kila mahali, wakiwemo vijana wa Unguja na Pemba. Walibeba unga, risasi na mizinga porini kwa mamia ya maili. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa na kuhara, homa na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Leo mtu akisema anakwenda Kariakoo, anafikiria vitenge na simu. Soko jipya, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021, na magazeti yote yaliandika hasara ya bidhaa. Ilikuwa haki kuiandika. Lakini hatukumbuki kuona mahali popote mstari mmoja juu ya wapagazi.

Badala yake kuna Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 pale ilipokuwa sanamu ya Wissmann. Wissmann mwenyewe alirudishwa Ujerumani, akasimamishwa tena Hamburg mwaka 1922, na mwaka 1968 wanafunzi wa mji ule wakamwangusha kwa kamba. Ni jambo la kufurahisha kwamba kazi hiyo ilifanywa na wajukuu zake. Askari aliyechukua nafasi yake anaelekeza bayoneti bandarini. Vijana wa Dar es Salaam wana tafsiri nyingi za jambo hilo, na tafsiri inayopendwa zaidi ni kwamba anamwonyesha mkoloni njia ya kwendea kwao. Mchongaji wake Mwingereza hakukusudia hivyo, lakini hatuoni sababu ya kuwanyima vijana tafsiri yao.

Katika hadithi zote za mji ule hakuna iliyotisha kama ile ya mumiani. Wazee wetu hapa Visiwani nao waliijua. Ilisemwa kwamba kuna watu wanaotembea usiku, wengine walisema ni wazimamoto wenye gari jekundu, wanaokamata watu na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa ya Wazungu. Wakoloni walicheka na kuandika kwamba huo ni ujinga wa mwenyeji. Tuitazame vyema. Mumiani kwanza ni neno la dawa. Kamusi ya Kiswahili ya Frederick Johnson, iliyotolewa mwaka 1939, inalieleza kuwa ni kitu cheusi kama ulimbo walichokitumia watu kutibu mifupa iliyovunjika. Ni bidhaa iliyokuja na majahazi, nayo ni ya zamani. Vipi basi dawa ikageuka mnyonyaji? Mwananchi wa Kariakoo na Ilala alikuwa amewaona vijana wa mtaa wake wakichukuliwa kwa upagazi wasirudi. Alilipa kodi bila ya kuelezwa inakwenda wapi. Alipolazwa hospitali alichomwa sindano na mtu asiyesema lugha yake. Hakuwa na gazeti wala mbunge. Alipotaka kueleza kwamba kuna mtu anayenenepa kwa damu yake, aliieleza kwa maneno aliyokuwa nayo. Watu wameumizwa kwa sababu ya uvumi huu, na wasio na hatia wamepigwa. Hilo hatulitetei hata kidogo. Lakini uvumi unaodumu miaka 50 huwa umeshikamana na jambo, na kiongozi mwenye busara hutafuta jambo hilo kabla ya kuwacheka watu wake.

Tafauti na hiyo ni hadithi ya mali za Wajerumani, kwamba walizika dhahabu walipokimbia. Hii imewafilisi watu wengi wazima, waliouza mashamba kununua ramani za uwongo. Chembe ya ukweli ipo: mwaka 1916 Wajerumani walipiga huko Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Na ndani ya maji ya bandari ya Dar es Salaam walizamisha kwa hakika vitu, mwaka 1914, ili meli za Waingereza zisipite. Lakini lilikuwa gati la chuma linaloelea, wala si sanduku la fedha.

Mji uliogawanywa na wakoloni ulizaa, ndani ya fungu lake la tatu, watu waliouvunja mgawanyo huo. Mwaka 1929 kiliundwa pale chama cha Waafrika, African Association, na miongoni mwa waasisi wake alikuwemo Kleist Sykes. Baba yake alikuwa mmoja wa wale vijana wa Msumbiji walioletwa na Wissmann kuja kuipiga pwani. Mjeshi wa mkoloni akazaa mwasisi wa chama, na wanawe mwasisi huyo, Abdulwahid na Ally, wakawemo katika mambo yaliyoleta TANU tarehe 7 Julai 1954. Tawi la Unguja la chama kile lilianza mwaka 1934, na katika mizizi hiyo ndipo ilipochipua Afro-Shirazi mwaka 1957. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa akiimba katika ngoma za akina mama wa mjini, alizichukua ngoma zile akazifanya matawi ya chama. Makuli wa bandari walikuwa wamekwisha kugoma mwaka 1939 na tena mwaka 1947. Ndio sababu hatukubali mtu aseme kwamba uhuru ulishuka kutoka maofisini. Ulipanda kutoka katika nyumba za Kiswahili za vyumba sita, zenye ukumbi katikati na baraza mbele, ambapo Mmanyema, Mzaramo, Mngazija na Mpemba walikuwa wapangaji wa nyumba moja na wachangiaji wa kisima kimoja.

Na palikuwa hapo hapo, katika Ukumbi wa Karimjee, uliopewa jina la ukoo wa wafanyabiashara ambao biashara yao ilianzia hapa Unguja, ambapo tarehe 27 Aprili 1964 hati za Muungano zilibadilishwa, na Mwalimu Nyerere akachanganya udongo wa pande mbili. Kama wako wanaotafuta siku ambayo mtu wa Visiwani aliingia Dar es Salaam si kama Sultani, wala si kama mtumwa, bali kama mwenye nyumba, basi ni siku ile.

Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu katika mji ule watu 272,821. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa wake watu 5,383,728, karibu mara tatu ya watu wa Zanzibar nzima, ambao walikuwa 1,889,773. Makao makuu ya serikali, yaliyoamuliwa tangu mwaka 1973 kuhamia Dodoma, yamehamia kweli baada ya mwaka 2016, na wala mji haukupungua. Unakua mpaka unasahau bonde la mto wake wenyewe. Mafuriko ya Disemba 2011 yaliwachukua watu wa bonde la Msimbazi, na waliobaki wakapelekwa Mabwepande. Kila nyumba ya zamani inayobomolewa Kariakoo huondoka na majina ya waliokuwa wakikaa ndani, na ghorofa inayopanda mahali pake haina habari nao.

Tunao ushauri kwa wenye mamlaka, wa pande zote mbili. Boma la Kale limekwisha kufanyiwa ukarabati na kufanywa kituo cha urithi wa majengo, na wahusika wanastahili pongezi. Tunapendekeza skuli zetu za Unguja na Pemba, zinapowapeleka wanafunzi Dar es Salaam, zianzie hapo, kwani ni mwendo wa dakika chache tu kutoka gatini. Sisi tunajua kilichotokea kwa jengo tulilodhani litasimama daima. Sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka tarehe 25 Disemba 2020, na watu wakafa. Pili, nyaraka za enzi ya Majid na Barghash zimo katika Hifadhi yetu ya Kilimani, na za Wajerumani zimo katika Hifadhi ya Taifa huko Dar es Salaam. Mwanafunzi anayetaka kuuandika ukweli wa mji ule analazimika leo kuwa tajiri wa nauli. Hati hizo zinaweza kunakiliwa na kubadilishanwa kati ya hifadhi mbili kwa gharama isiyozidi ya semina mbili za hotelini. Tatu, pale Kariakoo, penye soko, liwekwe jiwe la wapagazi. Lisiwe sanamu, na wala lisingoje mgeni wa heshima wa kulifungua. Liandikwe kwa Kiswahili kwamba hapa ilikuwa kambi, kwamba watu wa bara na wa Visiwani walipita hapa na mizigo vichwani, na mwaka waliopita.